Kusafisha madirisha ya juu kwa fimbo ya maji: anza na fremu, maliza na suuza

Mtu anayejifunza kazi hii huitazama brashi. Anaiona inasugua, anaona maji machafu yakiteremka, anaridhika kwamba dirisha limetakata. Mimi nikisimama na mwanafunzi humwambia aondoe macho kwenye kioo ayapeleke juu yake, kwenye ule mstari ambapo raba, ukanda mweusi unaoshika kioo, inakutana na fremu. Malalamiko mengi ya wateja huanzia hapo. Kioo chenyewe ni kilaini na kiko wazi, hakisumbui. Kinachokichafua baada ya wewe kuondoka ni kile ulichokiacha juu yake.

Nitaeleza kazi nzima kama ninavyoifanya, ila nitakaa zaidi kwenye fremu na suuza, kwa sababu ndiko kazi inakoharibikia.

Kwa asiyewahi kuishika, fimbo ya maji ni mabomba marefu mepesi yanayoingiana, kichwani yana brashi, na ndani yake umepita mpira mwembamba unaoleta maji kutoka kwenye tangi lenye pampu. Unasimama chini, unasugua dirisha la ghorofa ya pili au ya tatu, unalisuuza, unaliacha likauke lenyewe. Hutumii sabuni, wala raba ya kuvutia maji, wala kitambaa. Na ngazi inabaki garini. Hilo peke yake lingetosha kunifanya niipende njia hii, maana ngazi zimewalemaza wengi katika kazi yetu.

Maji

Kioo kinaweza kuachwa kikauke chenyewe kwa sababu maji yake hayana kitu ndani. Maji ya bomba, hata yawe safi ya kunywa, yana kalisiamu, magnesiamu na chumvi nyingine zilizoyeyuka. Tone likikauka, maji hupaa na chumvi hubaki, ndiyo ile duara nyeupe unayoiona kwenye gari lililooshwa juani. Ukiondoa chumvi, tone litakauka bila kuacha alama.

Kipimo chake huitwa TDS, yaani jumla ya vitu vilivyoyeyuka kwenye maji, na husomwa kwa ppm, sehemu kwa kila milioni. Kifaa cha kupimia kinaenea mfukoni. Lengo ni 0. Maji yakisoma 3 au 4 nafanya kazi bila wasiwasi. Yakifika 10 nasimama nikague mtambo, kwa sababu kuanzia hapo kioo cheusi kinachopigwa na jua kitaanza kuonyesha madoa. Pima maji yanayotoka kwenye brashi, si yaliyo kwenye tangi peke yake, kwani ni yale ya kwenye brashi yatakayokaukia kwenye kioo cha mteja.

Mtambo wa kusafishia maji una hatua nne, na mpangilio wake una sababu. Ya kwanza ni filta ya mashapo, inayozuia mchanga na kutu. Ya pili ni filta ya kaboni, inayoondoa klorini. Usiiruke, kwa sababu klorini hula utando wa hatua ya tatu. Hatua hiyo ya tatu ni utando wa osmosisi: maji yanasukumwa kwa presha yapite kwenye utando unaoruhusu maji na kuzuia karibu chumvi zote, na yale yaliyobeba chumvi hutoka kwa mrija wa pembeni. Hatua ya nne ni rezini, punje ndogo zinazonasa chumvi chache zilizobaki.

Wapo wanaoanza na rezini tu kwa sababu ni rahisi kuifunga. Kwa madirisha machache inafaa. Lakini piga hesabu. Maji ya bomba yakiwa na 300 ppm na utando ukaondoa asilimia 95, rezini inabaki na 15 tu za kunasa. Bila utando inabeba zote 300, kwa hiyo itachoka mara ishirini haraka zaidi. Rezini iliyochoka mara nyingi hutoa harufu kama ya samaki. Usiisubiri harufu hiyo. Pima kila asubuhi kabla ya kufungua pampu.

Kuhusu tangi nina mambo mawili. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 500 ni nusu tani inayosafiri nyuma ya mgongo wako. Lifungwe kwenye chasi ya gari na mtu anayeijua kazi hiyo, wala si kwa kamba. Pili, maji yaliyolala kwenye joto kati ya nyuzi 20 na 45 huzalisha bakteria, na mmoja wao, Legionella, huingia mapafuni kwa njia ya mvuke na rasharasha, ambazo ndizo brashi yetu hutoa kutwa nzima. Weka tangi kivulini, litumie hadi liishe, lisafishe kwa dawa mara kwa mara, na usiache maji ndani wiki nzima ukiwa hufanyi kazi.

Fimbo na brashi

Fimbo za alumini ni imara lakini nzito. Za faiba ya kioo zina bei nafuu na hupinda zikiwa ndefu. Za kaboni ni nyepesi na ngumu, na kwa anayeshinda nayo mikononi ndizo zinazookoa mabega. Ukianza na majengo ya ghorofa moja au mbili, faiba inatosha. Usinunue fimbo ndefu kuliko kazi uliyonayo, maana kila kipande cha ziada ni uzito unaoubeba bure.

Kurefusha fimbo kuna utaratibu. Isimamishe wima, brashi juu, kisha uanze kuvuta kipande chembamba zaidi cha juu, ubane kibanio chake, ndipo uende kwenye kinachofuata. Ukianza na kipande kinene, vibanio vingine vitapanda nacho na hutavifikia tena. Kushusha ni kinyume: kinene kwanza. Na unapofungua kibanio, mkono mmoja uwe umeshika kipande cha juu, kwa sababu kikiteremka chenyewe kinabana vidole.

Brashi ya nailoni inafaa kazi nyingi. Ya nywele za nguruwe hung'ang'ania uchafu zaidi, hivyo naiweka kwa madirisha yanayosafishwa mara ya kwanza, ingawa hunywa maji na kuwa nzito. Nozeli, vile vitundu vya kwenye brashi vinavyotoa maji, ziko za aina mbili. Zipo zinazotoa maji kama uzi mwembamba, nazo ndizo ninazozipenda kwa sababu hugonga kioo kwa nguvu. Nyingine hutandaza maji kama pazia, na hizo husuuza haraka kwenye vioo vipana. Kwa kawaida lita moja na nusu hadi mbili kwa dakika zinatosha. Kufungua zaidi ya hapo wakati wa kusugua ni kupoteza maji, ingawa wakati wa kusuuza sioni ubaya kuongeza.

Kabla ya kuinua

Tazama juu. Usiangalie dirisha, angalia nyaya. Kaboni na alumini hupitisha umeme. Maji yaliyosafishwa hupitisha umeme kidogo sana, lakini yakishachanganyika na vumbi la ukutani sifa hiyo imekwisha, kwa hiyo usijidanganye kwamba maji yako yatakulinda. Kanuni yangu haijadili: fimbo ikiwa imevutwa hadi mwisho, ikianguka upande wowote, isiweze kufikia waya. Ikiweza, dirisha hilo silisafishi kwa fimbo, hata mteja aseme wenzangu wamelifanya miaka yote. Mawingu ya radi yakikusanyika, fimbo inalazwa chini.

Kisha tazama chini. Mpira wa maji unaokatiza njia ya watu ni mtego, kwa hiyo upitishe kando ya ukuta, uweke koni na kibao mahali watu wanapopita. Zunguka jengo uone kama kila dirisha limefungwa. Mwulize mwenyeji. Dirisha lililorudishiwa tu bila kufungwa kitasa litapitisha maji hadi kwenye kompyuta ya mtu.

Angalia na upepo unatoka wapi. Anzia upande unakotoka na uelekee unakokwenda, ili rasharasha ziangukie madirisha ambayo bado, zisirudi kwenye yale uliyomaliza. Na daima ghorofa ya juu kwanza.

Dirisha moja, mwanzo hadi mwisho

Peleka brashi kwenye fremu ya juu, pale inapokutana na ukuta. Hapo ndipo buibui hukaa, hapo ndipo vumbi la mwaka mzima limelala. Sugua kwa mlalo, kulia kushoto, ukibana nywele za brashi ziingie kwenye kona. Teremka kidogo hadi kwenye raba yenyewe, ule ukanda mweusi unaoshika kioo. Isugue taratibu kutoka pembe hadi pembe, maji yakitiririka. Pembe mbili za juu zipe muda wa ziada: zungusha brashi, ibane, izungushe tena. Kisha fremu za pembeni, kutoka juu kwenda chini.

Sasa simama uangalie. Maji yanayotoka chini ya raba ya juu mwanzoni huwa ya kijivu, wakati mwingine meusi kabisa kama fremu haijaguswa muda mrefu. Yakitoka hivyo, rudia. Usiguse kioo mpaka yatoke meupe. Hata yakishatoka meupe, raba bado imebeba maji nyuma yake, na itaendelea kuyadondosha polepole. Ndiyo maana kwenye ukuta wenye madirisha mengi nasugua fremu za madirisha matatu mfululizo, kisha narudi kwenye la kwanza kufanya kioo. Dakika hizo chache zinaipa raba nafasi ya kutoa ilicho nacho kabla sijasuuza, na mimi sijapoteza muda kwa kusubiri.

Kioo kina kazi ndogo zaidi. Pita mlalo kwenye ukingo wa juu, chini kidogo ya raba bila kuigusa, halafu shuka kwa mistari ya wima, juu chini, kila mstari ukifunika nusu ya upana wa uliopita. Usikandamize. Nywele zinasugua kwa ncha, na ukizilaza kwa nguvu unasugua kwa ubavu wake na uchafu unabaki. Penye kinyesi cha ndege lowesha kwanza, endelea na kona nyingine, urudi baadaye kikiwa kimelainika, kwa sababu kinyesi kikavu kina punje ngumu na kukisugua hivyo hivyo kunaweza kukwaruza. Malizia na kizingiti cha chini. Kifanye sasa, kabla ya suuza, maana maji yanayogonga kizingiti hurukia sehemu ya chini ya kioo.

Kisha suuza. Hapa wengi wana haraka, na hapa mimi hupunguza mwendo. Inua brashi itoke kwenye kioo kwa upana wa kiganja, nozeli zielekee sehemu ya juu ya kioo, chini ya raba. Ukiipiga raba tena utaiamsha ianze kudondosha upya. Nenda kulia hadi kushoto polepole, shuka kidogo, rudi kulia, mpaka chini. Lengo ni kuusukuma uchafu wote mbele ya maji, kama unavyofagia chumba kwenda mlangoni bila kurudi nyuma. Ukimaliza, ondoa brashi kwa kuivuta nje kabisa, usiipitishe juu ya kioo ikiwa inadondosha maji.

Vioo havipokei maji kwa namna moja. Vingine hukusanya maji kuwa vitone vinavyokimbia. Hivi suuza kwa brashi ikiwa mbali, upesi utaona kila tone limeshuka na kioo kimebaki kikavu. Vingine hutandaza maji kuwa utando mmoja mwembamba unaong'aa. Kwenye hivi usiinue brashi. Suuza ikiwa imegusa kioo kwa wepesi sana, ukishuka nayo, la sivyo uchafu utasafiri ndani ya utando ule na kukauka mahali usipopajua. Dakika ya kwanza ya dirisha la kwanza itakuambia una kioo cha aina gani.

Nyuma ya suuza kuna swali ambalo kijana ninayefanya naye kazi huniuliza karibu kila mara. "Fundi, niondoke au nisubiri?" Jibu langu ni lile lile: "Raba imenyamaza?" Anasimama, anainua macho. Kwenye pembe ya juu kushoto maji yanajikusanya, yanavimba, yanakuwa tone, linaachia. Anafuata njia yake hadi chini. Likiacha mstari wa kijivu kwenye kioo kinachoanza kukauka, fremu haikusuguliwa vya kutosha, na tunaanza upya kwenye fremu. Likipita bila alama, twende.

Dirisha la mara ya kwanza, na madirisha ya kukataa

Jengo lisilowahi kusafishwa kwa njia hii lisafishe mara mbili siku hiyo hiyo: pita mara moja kwa fremu na kioo, liache lichuruzike maji, halafu rudi ulifanye kana kwamba hukuligusa. Mweleze mteja mapema kwamba huenda hata hivyo mistari michache ikatokea baada ya ziara ya kwanza, na kwamba itapungua kadiri fremu zinavyotakata. Nimeona mafundi wazuri wakipoteza wateja kwa kutosema jambo hilo kabla.

Yapo madirisha ambayo fimbo haiyafai. Fremu za mbao zenye rangi inayobanduka zitamwaga magamba ya rangi kwenye kioo kila ukizigusa. Fremu za plastiki au alumini zilizoliwa na jua hutoa unga mweupe. Pitisha kidole, kikitoka cheupe, usisugue fremu hizo. Lowesha kidogo tu au usafishe kwa mkono. Vioo vidogo vilivyoungwa kwa madini ya risasi hupitisha maji kwenye maungio. Putii iliyopasuka, ile inayoshika kioo kwenye fremu za zamani, hali kadhalika. Penye matundu ya hewa juu ya kioo elekeza nozeli mbali nayo, sugua hapo kwa brashi iliyopunguziwa maji.

Kuwa makini pia na vioo vinavyojisafisha, ambavyo Pilkington ilianza kuviuza mwaka 2001. Vina tabaka jembamba la titani dioksidi linaloozesha uchafu kwa msaada wa mwanga wa jua na kutandaza maji ya mvua. Maji safi na brashi laini havidhuru. Wembe, pamba ya chuma na vitu vyenye silikoni havitakiwi kabisa.

Mwili wako

Miguu iachane kama upana wa mabega, mmoja mbele. Mkono wa chini uwe usawa wa kiuno, wa juu usipite bega. Kusugua kutoke kwenye magoti na nyonga, mwili mzima ukicheza mbele na nyuma, mikono ikiongoza tu. Ukisimama karibu sana na ukuta shingo inavunjika kutazama juu, ukisimama mbali sana fimbo inalala na uzito wote unakuja kwenye mikono. Mahali pazuri ni pale fimbo inapoegemea kioo kwa mteremko mkali, unaliona dirisha lote, na kichwa hakijarudi nyuma hadi mwisho. Badilisha mkono wa juu mara kwa mara, hata kama upande mmoja unaona una nguvu zaidi. Bega huanza kuuma muda mrefu baada ya kuumia.

Madoa yakionekana baada ya kukauka

Usirudi kusugua kabla ya kusoma doa. Madoa ya nukta nyeupe yaliyotawanyika kioo kizima yanatoka kwenye maji: pima TDS papo hapo, na ukikuta imepanda, angalia rezini kwanza. Mstari mmoja unaoshuka kutoka pembe ya juu ni raba. Mistari mingi ya wima inayoanzia kila sehemu ya ukingo wa juu ni fremu nzima haikusuguliwa, au ni ile fremu ya unga mweupe. Ukungu chini ya kioo, juu tu ya kizingiti, ni kizingiti kilichosuguliwa baada ya suuza. Kama ni utando wa mafuta unaofanya kioo kionekane kama kimepakwa kitu, maji ya moto yatasaidia, na mara nyingi utakuta jiko au barabara yenye magari mengi iko karibu.

Doa lisilotoka kwa lolote, na linalobadilika ukubwa asubuhi na mchana, lichunguze kwa kutazama kioo kutoka pembeni. Kwenye madirisha ya vioo viwili, mvuke ukishaingia katikati kwa sababu gundi ya ukingo imekufa, hakuna brashi itakayoufikia. Mwonyeshe mwenye nyumba kabla hujafungua pampu, na uandike kwenye karatasi ya kazi ni madirisha yapi.